Shangazi Hakaripiwi

Siku mizani ilipoletwa Lotofua, katika visiwa vya Tonga, kijiji kizima kilikwenda kupimwa kikiwa kimevaa mikeka. Hakuna Mtonga mwenye adabu zake anayesimama mbele ya mtu wa serikali kiuno kitupu, hata kama mtu huyo wa serikali ni Meleseini binti Hoponi, ambaye nusu ya waliokuwa kwenye foleni walimfuta makamasi alipokuwa mtoto. Basi wakaja na mikeka yao ya kiunoni, ile mizito ya urithi, na Meleseini, muuguzi aliyesoma na kuapishwa, akawaomba waivue kwanza. Wakamtazama kana kwamba amewaambia wavue nguo zote.

Mizani yenyewe ilikuwa ile ya kupimia magunia ya magimbi yanayopelekwa Nyuzilandi. Ya zahanati ilikuwa imezimia wiki iliyopita, mchungaji alipoikanyaga.

"Mchungaji, mwaka jana uliniahidi," Meleseini alimwambia.

"Niliahidi mbele za Mungu, mwanangu. Yeye mbona hajalalamika?"

"Hajalalamika kwa sababu anajua unakuja kumwona karibuni. Tumbo lako litatangulia mbinguni, wewe utafuata nyuma. Punguza! Mwingine!"

Hivyo ndivyo alivyokuwa yule binti. Mwembamba, miwani puani, mdomo kama wembe. Wizara ya afya ilikuwa imetangaza Mwezi wa Kupunguza Uzito, na yeye alikuwa ameuchukulia kama vita. Aliwasema vijana, akawasema wazee, akamsema mama yake mzazi mbele ya watu mpaka mama akasahau kushuka kwenye mizani.

Kisha akaja Toakase, na mdomo ukafungwa.

Toakase alikuwa dada yake Hoponi, na kwa hiyo shangazi yake Meleseini. Aliingia taratibu na fimbo yake, mnene, mzuri wa sura, amevaa mkeka mwororo kuliko yote ukumbini, na watu wakampisha. Meleseini akashuka mpaka sakafuni, akakaa chini kando ya mizani, macho kwenye vidole vyake mwenyewe. Mshale ulizunguka, ukafika mwisho wa namba, ukagonga chuma na kubaki hapo unatetemeka.

"Inasemaje?" Toakase akauliza.

"Inasema... umekuja, Shangazi. Asante kwa kuja."

Watu walitazama dari. Toakase akashuka, akampapasa binti begani, akaenda zake akiwa ameridhika kabisa.

Sasa, kila nchi ina mashangazi, na kila nchi inadhani wa kwake ndio wakali. Waje Tonga waone. Kwa Watonga dada ni mkubwa kuliko kaka, hata kama kaka ni mkubwa kwa umri, na watoto wa kaka hawana mtu duniani aliye juu ya shangazi yao. Shangazi akitaka mkeka wako, unauvua. Akimpa mtoto wako jina la ajabu, unamwita hivyo hivyo. Kwenye harusi yako anakaa juu yako, kwenye maziko ya baba yako anakaa kichwani pa maiti, na nguruwe mkubwa kuliko wote ni wake. Shangazi hakaripiwi. Unaweza kumkaripia mchungaji, na ukitafuta sana unaweza hata kumkaripia waziri, lakini shangazi yako utakaa chini na kumwambia asante kwa kuja.

Toakase hakuzaliwa mnene. Alikuwa msichana mkavu, miguu mirefu, kazi yake kuruka miamba ufukweni na kaka yake wakitafuta pweza. Pweza walikuwa hawawapati sana. Walichopata ni samaki wadogo wa miambani, wenye miiba mingi kuliko nyama, wakawachoma pale pale kwa makumbi ya nazi kabla mama hajajua. Samaki mmoja, watu wawili: Toakase kichwa na mgongo, Hoponi mkia. Na kila mara Hoponi aliuwahi mkia samaki akiwa bado motoni, akaungua ulimi, na Toakase akacheka mpaka akakaa majini.

Halafu Hoponi sauti ikavunjika, akahamishiwa kibanda cha wavulana, na mambo yakaisha. Kaka na dada waliokwisha kukua hawakai chumba kimoja. Hawataniani, hawatazami sinema pamoja, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa mmoja akiwa karibu. Hoponi akaanza kumheshimu dada yake, na alipoanza hakuacha. Toakase aliolewa na Palu, mtu mwema mwenye maneno mengi, akawa fundi wa kugonga vitambaa vya magome, akazika wazazi, akawa na mvi. Katika miaka yote hiyo yeye na kaka yake hawakuwahi kuambiana jambo lolote la maana. Kila Jumapili baada ya ibada, Hoponi alimtumia kapu.

Na kapu hilo lisichukuliwe kwa mzaha. Mtonga hana njia nyingi za kumwambia dada yake kwamba anampenda, lakini anayo hii moja, nayo ina mafuta. Ndani kulikuwa na paja la nguruwe wa jiko la shimo, mbavu za kondoo zile za mafuta matupu ambazo Wanyuzilandi hawazili bali wanatuuzia, vifurushi vya majani ya magimbi vilivyojaa nyama ya kopo na tui zito, viazi vikuu juu, na keki pembeni. Kapu likipita njiani watu walichungulia ukubwa wake, wakasema Hoponi anamjua dada yake. Toakase angelirudisha likiwa na kitu ndani, angekuwa amemwambia kaka yake kwamba chakula chake ni kibaya. Kwa hiyo alilimaliza. Palu alisaidia, lakini Palu ni wale watu wanaokula kama nzige na kubaki kama ufito, na Mungu ndiye anayejua kwa nini.

Sukari ilimwingia Toakase kimyakimya, ikachukua kidole kimoja cha mguu, halafu cha pili. "Vidole vyenyewe vilikuwa havifanyi kazi," aliwaambia wanawake kwenye nyumba ya kugongea magome, nao wakacheka, kwa kuwa nusu yao walikuwa na hadithi kama hiyo. Palu alimsema asubuhi na jioni. Mume ndiye mtu pekee aliyeruhusiwa kumkaripia Toakase, na ndiye mtu pekee ambaye Toakase hakumsikiliza tangu siku ya ndoa.

Mwezi wa Kupunguza Uzito ulipofika katikati, kisigino chake cha kushoto kilikuwa na shimo. Kwa daktari wa mjini alilionyesha mara moja, halafu akalificha chini ya sketi ndefu, akajitia hamnazo. Lakini harufu haijui kujificha, na siku moja Meleseini alikuja na beseni, pamba na chupa ya dawa, akakaa sakafuni miguuni pa shangazi yake.

"Shangazi, ukipenda, nikuoshe mguu."

"Osha. Kwani nimekataa?"

Binti akafungua kitambaa kilichofunga kidonda. Toakase alimwangalia kutoka juu akiosha, uso umeinama, miwani imeshuka.

"Unasemaje?"

"Kama utaona vema, Shangazi, labda... kama hutojali... chakula cha—"

"Chakula cha nini?"

"Hakuna, Shangazi."

Hapo ndipo chozi lilipomtoka Meleseini. Toakase aliliona likining'inia puani, akaliona likidondoka, akaliona likitua juu ya mguu wake na kutiririka kando ya kifundo. Aliliona. Hakulisikia. Wala maji ya beseni hakuyasikia, kama ni ya moto au ya baridi. Mguu ulikuwa pale mbele yake kama mguu wa mgeni, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze Toakase akaogopa, akaogopa sana.

Binti alipokwisha kuondoka akamwita mumewe.

"Palu. Daktari wa mjini alisema nini?"

"Oo, leo unaniuliza? Mimi si redio tu hapa ndani?"

"Palu, niambie."

Palu akakaa. Alipoacha mzaha alionekana mzee. "Alimwambia Meleseini, naye akaniambia mimi nikuambie. Nimekuambia mara kumi. Kidonda kisipoanza kufunga mpaka mwezi ujao, wanaukata. Chini ya goti. Akasema kwa kapu la namna ile dawa zake ni kazi bure."

"Kapu amelijuaje daktari?"

"Kisiwa kizima kinalijua kapu lako, mama."

Toakase alikaa na jambo hilo kucha na kutwa. Kumtumia Hoponi neno kwamba aache kumletea nyama, haiwezekani. Ingekuwa kumtukana, na sababu yenyewe ni ya mwili, neno lisilofika masikioni mwa kaka. Kupokea na kumpa jirani, vilevile. Jirani angesema, na Hoponi angejua amekataliwa. Alikuwa amekalia kuti kavu, na watu wote waliokuwa chini wanamwona walikuwa na adabu mno hata wasimwambie.

Mwezi wa Kupunguza Uzito ukamalizika, na Lotofua ikaufunga kwa karamu.

Ndiyo, karamu. Mchungaji alisema haiwezekani kumshukuru Mungu kwa njaa, na hakuna aliyeona kasoro katika hoja hiyo. Hoponi, baba wa muuguzi, ndiye aliyeandaa, na heshima ya binti yake ikamtia wazimu. Walijenga kibanda kirefu cha makuti uwanjani, wakapanga vyano vya chakula toka mwanzo hadi mwisho, nguruwe juu ya muhogo, kamba juu ya kuku, soda juu ya kila kitu. Pale juu kabisa, peke yake, akaketishwa Toakase, shangazi wa muuguzi. Mbele yake nguruwe mzima, ngozi imekauka vizuri, pua imemwelekea yeye. Kando yake ghorofa ya juu ya keki, ambayo nayo ni haki ya shangazi, na juu yake mtu fulani alikuwa ameandika kwa sukari ya rangi: AFYA.

Hoponi hakuwemo. Dada yake yumo ndani, kwa hiyo yeye alikuwa nje kwenye mashimo ya moto, nyuma ya ukuta wa makuti. Ukuta haukugusa ardhi. Toakase akikaa pale aliweza kuona nyayo za kaka yake chini ya makuti, pana, nyeusi kwa majivu, zikienda na kurudi.

Mchungaji akaomba, watu wakaanza kula, na hotuba zikaanza huku watu wanatafuna, kama ilivyo desturi. Mwakilishi wa wizara akasifu. Mchungaji akasifu, akatangaza kwamba yeye mwenyewe amepungua, mkeka wake ukiwa umetolewa hesabuni. Kisha Toakase akasimama kwa fimbo yake, na midomo ikaacha kutafuna.

"Meleseini, binti wa kaka yangu. Uko wapi?"

Meleseini alikuwa kwenye kona akipepea nzi. "Nipo, Shangazi."

"Simama nikuone. Mwezi mzima umewakaripia watu hawa. Huyu mchungaji umemkaripia. Mama yako umemkaripia mpaka amekonda, maskini. Mimi umeniruka. Mimi nina nini, ukoma?"

Watu wakacheka. Meleseini hakucheka. "Wewe ni shangazi yangu."

"Haswa. Na shangazi akisema jambo, wewe unafanya nini?"

"Nalitii."

"Basi nakuamuru unikaripie. Hapa hapa, wote wasikie."

Hakuna aliyecheka tena. Meleseini akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwokoa, na watu wote wakawa wanatafuta kitu kwenye sahani zao.

"Shangazi, ukipenda, labda upunguze kidogo..."

"Huko ndiko kukaripia? Hivyo ndivyo ulivyomwambia mchungaji?"

"Hapana."

"Mchungaji ulimwambia tumbo litamtangulia mbinguni. Mimi ndiyo nipewe 'ukipenda'? Unanidharau?"

"Sikudharau, Shangazi!"

"Basi sema, mtoto!"

Binti akavua miwani. Labda hakutaka kuona.

"Wewe ni mwongo, Shangazi," akasema, na mwanamke mmoja akaangusha kijiko. "Unaniambia unakula shelisheli na maji, nami nimeyaona makopo ya nyama chini ya kitanda chako, umeyafunika na Biblia. Vidonge vyangu umevipanga dirishani kama maua, havijapungua hata kimoja. Na mguu wako umeoza. Umeoza, Shangazi! Nimeuosha, nimeulilia, hukusikia hata chozi. Mwezi ujao wanaukata, na baada ya huo wataukata wa pili, halafu tutakubeba kwenye toroli la magimbi. Kwa nini? Kwa sababu kila Jumapili kapu linakuja na wewe unalimaliza! Unaona aibu kumwambia baba. Baba naye anaona aibu kuuliza. Mtakufa wote wawili kwa adabu, na mimi mtaniachia nini? Mikeka?"

Hapo akaangua kilio, akakaa chini kwa kishindo, akajifunika uso kwa pepeo lake la nzi.

Toakase hakuwa anamtazama binti. Alikuwa anatazama chini ya makuti. Mwili wa dada ulikuwa umetajwa, kwa sauti, mbele ya kijiji, na kaka anayesikia neno la namna hiyo huondoka mara moja, tena kwa haraka. Watu waliokaa karibu nao wakaanza kutazama huko. Nyayo za Hoponi zilikuwa zimesimama. Zilielekea ukuta, na hazikwenda popote.

"Umemaliza?" Toakase akauliza.

"Ndiyo, Shangazi," sauti ikatoka nyuma ya pepeo.

"Asante. Ile ya Biblia ungeweza kuiacha."

Kicheko kilichotoka pale kilitikisa makuti, na mchungaji ndiye aliyecheka zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa na mwenzake. Toakase akaketi, akasukuma nguruwe kwa ncha ya fimbo mpaka kwa waliokaa chini yake. Walimla, bila shaka. Hakuna Mtonga aliyewahi kumkasirikia nguruwe aliyekwisha kuiva.

Siku zilizofuata kijiji kilikuwa na jambo moja tu la kuzungumza: Jumapili Hoponi atafanya nini? Wengine walisema amefedheheshwa, kapu halitakuja tena. Wengine walisema litakuja kubwa zaidi, kwa hasira. Toakase alimeza vidonge vyake na kunyamaza. Alijua ameweka aibu yake mezani ili kaka yake aione, na kama kaka ataiacha pale bila kuigusa, basi undugu wenyewe umekwisha, mguu uwepo usiwepo. Kidonda kile, niseme mapema ili mtu asikae na wasiwasi, kilikuja kufunga. Kilichukua muda mrefu na matusi mengi, lakini kilifunga. Wakati ule, hata hivyo, hakuna aliyejua.

Jumapili ibada ikaisha. Toakase akaketi sebuleni, mguu juu ya kigoda. Nje, njia nzima ilikuwa imekaa vibarazani, imejifanya inapunga upepo.

Siku nyingine zote kapu lililetwa na mke wa Hoponi. Siku hiyo Hoponi alilileta mwenyewe. Alipita katikati ya kijiji amevaa mkeka wake wa kanisani, shingo wima, na mkononi kikapu kidogo, kile cha kuokotea konokono wa pwani. Hakukifunika. Mtu yeyote aliweza kuona ndani: shelisheli moja la kuchoma, majani ya magimbi yasiyo na nyama, na samaki mmoja.

"Hoponi!" akaita jirani mmoja asiye na haya. "Hicho ni cha paka?"

"Ni cha dada yangu," Hoponi akajibu, akaendelea kutembea.

Mtu aliyekuwa anasifiwa kisiwa kizima kwa ukubwa wa makapu yake. Mkono wa birika, watoto walikuwa wameanza kumwita kabla hajafika kwenye uzio. Akakiweka kikapu kwenye ngazi, akageuza uso upande wa bahari, akakohoa mara moja kama ilivyo adabu, akaondoka.

Palu akakiingiza ndani. Alikitazama kwa huzuni ya kweli. "Leo tutafunga," akasema.

Toakase akamtoa yule samaki na kumlaza kwenye sahani. Alikuwa wa miambani, mdogo, miiba mitupu, amechomwa kwa makumbi mpaka akaungua upande mmoja. Kichwa kilikuwapo. Mgongo ulikuwapo. Mkia haukuwapo. Ulikuwa umeng'atwa, na alama za meno zilionekana wazi.

Palu alikuwa nyuma ya nyumba akitafuta angalau nazi alipomsikia mkewe analia kwa sauti ya ajabu, akakimbilia ndani akidhani sasa ndio basi. Akamkuta anacheka. Amejishika mbavu, machozi yanamtiririka, sahani imeinama mapajani.

"Una nini wewe? Toakase! Nikamwite Meleseini?"

"Ameuwahi mkia," Toakase akasema alipopata pumzi. "Mzee mzima yule, amekula mkia wa samaki wangu."

Palu hakuelewa, na hakuna aliyemweleza. Toakase akamla samaki wake, kichwa kwanza, halafu mgongo, akinyonya mwiba mmoja mmoja. Alipomaliza alikuwa bado ana njaa ya kufa mtu.